Namba Iliyodhaniwa Tasa

Kisa kinasimuliwa hivi. Oktoba 1903, wanahisabati walikutana New York katika kikao cha Jumuiya ya Hisabati ya Marekani. Kwenye ratiba kulikuwa na mada ya Frank Nelson Cole, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia, yenye kichwa kisicho na mbwembwe: kuhusu kutafuta vigawo vya namba kubwa. Zamu yake ilipofika, Cole alikwenda ubaoni bila kusema neno. Akachukua chaki, akaizidisha 2 kwa 2, na tena kwa 2, mpaka akafika 2 kwa kipeo cha 67. Akatoa 1. Akapata hii:

147,573,952,589,676,412,927

Kisha akahamia upande wa ubao uliokuwa mtupu, akaandika namba mbili, 193,707,721 na 761,838,257,287, akazizidisha kwa mkono, mstari chini ya mstari, kama tulivyofundishwa shule ya msingi. Jibu likalingana na lile la kwanza, tarakimu kwa tarakimu. Cole akarudi kuketi. Hakuwa ametamka neno hata moja. Waliokuwemo wakapiga makofi kwa nguvu, jambo ambalo halikuwa desturi ya vikao vile. Hakuna aliyeuliza swali.

Nakipenda kisa hiki. Nimekisimulia kwenye daladala, nimekisimulia kwenye foleni ya chakula, na mara moja nimemsimulia kijana aliyekuwa ananitongoza, akasikiliza mpaka mwisho halafu akauliza kama Cole alilipwa. Lakini mimi ni mwanafunzi wa fasihi, mwaka wa pili wa shahada ya umahiri, na tumefundishwa kuvishuku visa vinavyopendeza kupita kiasi. Kwa hiyo nataka kukisoma hiki kama tunavyosoma ngano: nani anasimulia, fanani anafanya nini, hadhira inafanya nini, na kitu gani kimeachwa nje ili kisa kisimame. Ninayo pia sababu ya pili ya kukisoma, na hiyo inahusu neno moja la Kiswahili. Nitaifikia.

Kwanza namba yenyewe, maana mara nyingi kisa hiki husimuliwa na watu wasioeleza kwa nini yeyote ajali.

Shangazi yangu, aliyenilea, anauza machungwa Muheza, kando ya barabara iendayo Tanga. Machungwa ya barabarani huuzwa kwa mafungu, na mafungu sharti yawe sawa, la sivyo mteja atalibagua dogo na kugombania kubwa. Machungwa kumi na mawili ni rafiki wa muuzaji: mafungu mawili ya sita, matatu ya manne, manne ya matatu, sita ya mawili. Kumi na matatu ni ugomvi. Uyapange utakavyo, moja litabaki au fungu moja litapungua, isipokuwa uyauze yote kwa mpigo au moja moja. Vitabu vya shule ya msingi vinaiita namba ya aina hiyo namba tasa: haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Shangazi hakuwa na haja ya jina la vitabuni. Yeye alisema kumi na matatu ni kaidi.

Sasa chukua 2, izidishe kwa 2 mara kadhaa, halafu toa 1. Kipeo cha 2 kinakupa 3, ambayo ni tasa. Kipeo cha 3 kinakupa 7, tasa. Kipeo cha 5, 31, tasa. Kipeo cha 7, 127, tasa. Mtu akifika hapo huanza kuamini ameishika siri: chagua kipeo ambacho ni namba tasa, utapata namba tasa. Kisha kinakuja kipeo cha 11, kinakupa 2,047, ambayo ni 23 mara 89. Siri imekwisha. Kuanzia hapo inabidi kila namba ichunguzwe peke yake, na zinakua haraka mno kuliko mkono wa mtu.

Mwaka 1644, mtawa wa Kifaransa aitwaye Marin Mersenne alichapisha kitabu ambamo aliorodhesha vipeo ambavyo, kwa kauli yake, vinatoa namba tasa mpaka kufikia 257. Navyo ni 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Alijuaje? Hakutoa uthibitisho. Lakini alikuwa Mersenne, mtu aliyeandikiana barua na wasomi wakubwa wa Ulaya ya wakati wake, na neno lake lilitosha. Leo tunajua orodha ile ilikuwa na makosa matano. Vipeo vya 67 na 257 havikustahili kuwemo, na vya 61, 89 na 107 viliachwa nje. Kuikagua yote mpaka mwisho kulikamilika mwaka 1947, miaka zaidi ya 300 baadaye. Wapo waliomtetea wakasema huenda ile 67 ilikuwa kosa la uchapaji, alikusudia 61. Kama ni hivyo, basi namba yetu ilibandikwa utasa kwa kuteleza kwa tarakimu moja, na ikaubeba kwa vizazi.

Aliyeuvua si Cole. Hapa ndipo kisa kinapoanza kunitia mashaka.

Mwaka 1876, Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, alithibitisha kwamba 2 kwa kipeo cha 67 toa 1 si namba tasa. Njia yake ni ya ajabu kwa mtu aliyezoea kugawanya. Umbo lake la leo, lililonyooshwa na Mmarekani Derrick Henry Lehmer katika miaka ya 1930, linaelezeka kwa mistari michache. Chukua 31, yaani 2 kwa kipeo cha 5 toa 1. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2: unapata 14. Izidishe 14 kwa yenyewe, toa 2: unapata 194, ambayo ukiigawa kwa 31 inabakiza 8. Izidishe 8 kwa yenyewe, toa 2: 62, ambayo ukiigawa kwa 31 haibakizi kitu. Sifuri ikitokea katika hatua inayotakiwa, namba ni tasa. Isipotokea, namba si tasa. Hukujaribu kigawo hata kimoja, lakini umejua.

Na hapo ndipo penye uchungu wake. Jaribio hili linaweza kukuambia kwa uhakika kamili kwamba namba ina vigawo, lisikuonyeshe hata kimoja. Kwa miaka 27, kuanzia 1876 mpaka 1903, hali ya namba yetu ilikuwa hiyo: si tasa, ila vigawo vyake havijulikani. Wanahisabati hawalioni hilo kuwa upungufu wa ukweli. Uthibitisho ni uthibitisho. Lakini hakuna kisa maarufu cha Lucas kushangiliwa kwa ajili ya 67. Kinachosimuliwa ni kile cha Cole, na mara nyingi husimuliwa kana kwamba ukumbi ule mzima uliingia ukiamini kuwa namba ile ni tasa na ukatoka umezinduliwa. Sivyo. Aliyefuatilia mambo hayo alijua tayari. Kilichokuwa kimekosekana ni kitu cha kuonyesha.

Sasa tumtazame msimulizi. Kisa hiki kimetufikia hasa kupitia Eric Temple Bell, katika kitabu chake *Mathematics: Queen and Servant of Science* cha mwaka 1951. Kati ya tukio na kitabu kuna miaka 48. Bell alizaliwa Scotland mwaka 1883, akahamia Marekani mwaka 1902, na mwaka ule wa 1903 alikuwa mwanafunzi Stanford, California, upande wa pili wa bara. Baadaye alisoma Columbia, akamfahamu Cole, na anaeleza kwamba mwaka 1911 alimuuliza kazi ile ilimchukua muda gani. Jibu la Cole ndilo sehemu inayonukuliwa kuliko zote: Jumapili za miaka mitatu.

Bell hakuwa mwanahisabati tu. Aliandika riwaya za kisayansi kwa jina la John Taine. Kitabu chake kingine, *Men of Mathematics* cha mwaka 1937, kimewavuta vijana wengi kwenye hisabati, na wanahistoria wamekisuta kwa kutia chumvi, hasa katika sura ya Évariste Galois, kijana aliyekufa kwa jeraha la risasi mwaka 1832 akiwa na miaka 20. Simwiti Bell mwongo. Namwita mtambaji. Mtambaji mzuri hadanganyi, huchagua. Hapa alichagua kimya.

Kimya kile kinafanya kazi kubwa. Katika ngano zetu fanani huishi kwa maneno. Akinyamaza hadhira humkumbusha, humjibu, huimba naye. Bell amemtengeneza fanani asiyesema, akaiacha chaki itambe badala yake. Ni ufundi, kwa sababu msomaji anapata hisia kwamba ukweli wa hisabati hauhitaji msemaji: ubao mmoja, namba mbili, zinalingana, kwisha. Bell anatuambia pia kwamba Cole kwa tabia alikuwa mtu wa maneno machache. Inawezekana. Ila mtu huyo huyo alikuwa katibu wa Jumuiya ile tangu 1896 hadi 1920. Mtu anayekaa miaka 24 kwenye kiti cha katibu hawi bubu. Barua, taarifa, ratiba, mihtasari: kazi yake ilikuwa maneno.

Nilitaka kujua kimya kile kilikuwa kirefu kiasi gani. Jumamosi moja niliketi bwenini na karatasi na kalamu nikazidisha zile namba mbili mwenyewe. Ya kwanza ina tarakimu 9, ya pili 12, kwa hiyo kwa hesabu ya haraka ni mazidisho madogo 108, ukiacha kubeba na kujumlisha. Ukiianza kazi ndipo unaona mambo ambayo kisa hakikuambii. Katika 193,707,721, tarakimu 7 imo mara tatu na 1 imo mara mbili, na ile sifuri haikudai kitu. Mstari wa 7 ukishaupata unaunakili tu. Kazi halisi ni mistari minne: wa 2, wa 3, wa 7 na wa 9. Hata hivyo ilinichukua dakika 52. Nilikosea mara mbili, na mara ya pili nilipiga kelele mpaka mwenzangu wa chumbani akatoa spika za masikioni akauliza nimefiwa na nani.

Cole bila shaka alikuwa mwepesi kuliko mimi. Lakini hadhira yake ilibidi iketi na kutazama mgongo wa mtu akizidisha, na kabla ya hapo akiongeza maradufu mara 66. Muda wa kisa si muda wa tukio. Kwenye ukurasa wa Bell mambo hayo huchukua sentensi chache, na kwa hiyo tunayasikia makofi bila kwanza kuchoka. Mimi nadhani makofi yale, kama yalipigwa hivyo, hayakuwa ya mshangao peke yake. Yalikuwa pia ya watu waliokuwa wamesubiri, wakikagua kimoyomoyo kila mstari, wakiogopa kwa niaba yake asikosee kubeba moja.

Lakini kitu kikubwa zaidi kilichofichwa na kimya ni utafutaji. Kuzidisha kunathibitisha, hakuelezi ulifikaje. Hili si jambo dogo. Kigawo chochote tasa cha namba yetu ni lazima kiwe zao la 134 na namba nzima fulani, ukiongeza 1. Pia ukikigawa kwa 8 lazima kibakize 1 au 7. Masharti haya yanachuja sana. Na bado, kabla ya kuifikia 193,707,721, namba zinazotimiza masharti yote mawili ni 722,790, ukiihesabu na hiyo yenyewe. Ondoa zinazogawanyika kwa 3, 5 na 7, zinabaki kama 330,000. Tuseme Cole anajaribu moja kila dakika, na kugawa namba ya tarakimu 21 kwa dakika moja si mchezo. Hizo ni saa 5,500. Miaka mitatu ina Jumapili 156. Angehitaji Jumapili yenye saa 35.

Kwa hiyo hakujaribu moja moja, na wala kile kisa cha Jumapili, kikichukuliwa kama picha ya subira tu, hakitoshi. Ilibidi awe na ungo. Na alikuwa nao. Desemba 1903, jarida la Jumuiya lilichapisha makala yake ya kurasa nne, yenye kueleza jinsi alivyotumia mabaki ya namba za mraba kuzitupa nje namba tele ambazo hazingeweza kuwa vigawo, mpaka zikabaki chache zinazostahili kujaribiwa. Mtu yule anayesifiwa kwa kutosema neno alisema, tena kwa maandishi, na aliyoyasema ndiyo yenye manufaa kwa mwingine atakaye kutafuta. Ila kurasa nne za mabaki hazisimuliki kwenye daladala.

Hilo ndilo lawama yangu kwa kisa, na naliweka wazi. Kisa cha Bell kinatufundisha kuheshimu kuonyesha kuliko kujua. Kinamweka mbele mwenye kuleta watoto ukumbini, na kinamwacha nje aliyethibitisha miaka 27 kabla kwamba utasa ule ulikuwa uzushi.

Msomaji ataona nimeshaanza kutumia lugha ya uzazi. Sikuianzisha mimi. Imo kwenye neno.

Tulifundishwa namba tasa darasa la tano. Mwalimu aliandika ubaoni, akaeleza: namba tasa haina vigawo vingine, ni kama mti usiozaa. Mvulana wa dawati la nyuma akasema, kwa sauti ya kutosha, kwamba basi ni kama shangazi yake fulani, akanitaja kwa jina. Darasa likacheka. Mwalimu aligeukia ubao, lakini mabega yake niliyaona. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilijua neno hilo kabla ya hesabu yake. Nilikuwa nimelisikia kisimani, na nilikuwa nimelisikia kwenye arusi, likisemwa kwa sauti ya chini ambayo kusudi lake ni kusikika.

Kidato cha kwanza lugha ya kufundishia ikabadilika, na namba zile zile zikapanda cheo kwa usiku mmoja. Kiingereza huziita kwa neno lile lile lililomo kwenye cheo cha Waziri Mkuu, neno lenye asili ya kumaanisha *a kwanza*. Jana tasa, leo wakuu. Nilitamani kurudi darasa la tano nikamwambie yule mvulana.

Tasnifu yangu inahusu istilahi za hisabati katika vitabu vya shule ya msingi, na sura yake ngumu kuliko zote ni ya neno hili. Nataka kulitendea haki. Walioliteua hawakuwa wakimtukana mtu. Walitafuta neno fupi, la Kiswahili, ambalo mtoto atalishika. Nao walifaulu: hakuna mtoto anayelisahau. Lakini kama sitiari lina kasoro mbili. Ya kwanza ni ya hisabati yenyewe. Kila namba nzima kuanzia 2 ama ni tasa ama ni zao la namba tasa, na hupatikana kutoka hizo kwa njia moja tu, ukiacha mpangilio. 12 ni 2 mara 2 mara 3. Namba yetu ya tarakimu 21 ni zao la 193,707,721 na 761,838,257,287, na hizo mbili zenyewe ni tasa. Yaani wale wanaoitwa wasiozaa ndio waliozizaa namba nyingine zote. Sitiari imeshika kamba kwa upande usio wake.

Kasoro ya pili ni kwamba neno hili linahukumu kwa kutazama nje. Linauliza kilichoonekana, haliulizi kilichothibitishwa.

Shangazi aliolewa miaka tisa. Katika mwaka wa nane alipanda basi peke yake akaenda hospitali mjini, akapimwa, akarudi mara tatu, na mwisho daktari akamwandikia karatasi: kwake hakuonekana tatizo, amlete mume. Mume alisema mwanamume hapimwi. Mwaka uliofuata shangazi alirudi nyumbani kwa babu na sanduku moja. Yaliyompata yule bwana baadaye si yangu kuyasimulia. Karatasi ile ipo mpaka leo ndani ya kopo la biskuti, pamoja na stakabadhi za ada zangu za sekondari. Hakuna mtu kisimani aliyeomba kuisoma. Uthibitisho ulikuwepo, kilichokosekana ni kitu cha kuonyesha.

Ndiyo sababu, nilipokutana na Lucas na miaka yake 27, sikulala. Na rasimu ya kwanza ya makala haya iliishia hapo, kwa aya niliyoipenda mno, ikimfananisha shangazi na namba iliyodhaniwa tasa, na mimi mwenyewe nikiwa kigawo kilichokuja baadaye ubaoni kuthibitisha. Unaona ubaya wake? Mimi sikuuona. Nilimpigia simu nimsomee, maana siwezi kuandika juu yake bila ruhusa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Nikamsomea yote. Hakunikatiza, ila kulikuwa na mteja mahali fulani katikati na nikasikia akihesabu chenji. Nilipomaliza akauliza, "Huyo wa kwanza, aliyesema si tasa bila kuonyesha kitu. Alipigiwa makofi?"

"Sijui, shangazi. Kisa hakisemi."

"Haya." Akanyamaza. Kisha akasema, "Andika tu. Jina langu usiweke. Lakini nikuulize. Ile karatasi ingesema ni mimi, ungeandika nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimejenga utetezi wote juu ya uthibitisho: kwamba neno lilimkosea kwa sababu halikuwa kweli. Kama lingekuwa kweli, utetezi wangu ungemwacha kisimani peke yake pamoja na wale wanong'onaji, nami upande wao nimeshika karatasi. Namba haijali ikiitwa tasa kwa haki au kwa kosa. 13 haina habari. Mtu anajali kwa vyovyote. Lucas anaweza kuisahihisha orodha ya Mersenne. Hawezi kulisahihisha neno lililofanywa silaha, maana silaha haiwi halali kwa kumpata aliyelengwa.

Nimeifuta ile aya. Msimamizi wangu wa tasnifu ameandika pembeni mwa sura hiyo kwa kalamu nyekundu: unapendekeza neno gani badala yake? Ni swali la haki, kwa kuwa mhakiki asiyependekeza hujificha nyuma ya kimya kama Cole wa Bell. Nimejaribu *namba msingi*, na mwenzangu mmoja akasema inasikika kama ya shule. Nimejaribu *namba za kwanza*, lakini 1 yenyewe, ambayo ndiyo ya kwanza, si mojawapo. Kila nikikwama narudi barabarani Muheza, kwenye neno ambalo kamati yoyote ya istilahi ingelicheka, lakini ambalo halijawahi kumliza mtoto darasani. Namba kaidi. Haigawanyiki kwa matakwa ya mteja wala ya muuzaji, na haiombi radhi.

Sijaliandika bado kwenye tasnifu. Nimeliandika hapa kwanza, ili nisikie linasikikaje mbele ya watu.